Nimeifungua Injini Yako, Baba

Baba,

Gari lako limewaka. Najua ungetaka kusikia hilo kabla ya salamu, ndiyo maana nimelitanguliza. Limewaka Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Lilitoa moshi mweusi, likakohoa, likazima, likawaka tena, kisha likatulia na kuanza ule mngurumo wake ninaoujua tangu nikiwa mdogo. Majirani walikuja mpaka uani. Mama Akoth wa ng'ambo ya barabara alipiga vigelegele akasema, "Mzee amerudi!"

Hukurudi. Ni mimi niliyekuwa kwenye usukani.

Na tuelewane mapema. Sikulifufua kwa heshima yako. Watu wanadhani hivyo. Mchungaji alisema kanisani kwamba nimeenzi kazi ya baba yangu, watu wakanigeukia wakitabasamu, nami nikatazama viatu vyangu. Nilifanya kwa sababu kwa miaka ishirini na minne uliniambia nisiliguse, na ulipokufa hapakuwa tena na mtu wa kuniambia hivyo. Nilianza kwa hasira. Sasa nimemaliza, na hasira ni kubwa kuliko nilipoanza.

Ngoja nikukumbushe siku yenyewe, maana wewe umeisimulia mara nyingi kuliko mimi, kila mara kwa namna yako.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliondoka Jumamosi asubuhi kwenda Sondu na marafiki zako wawili, kuangalia ng'ombe. Mama alikufuata mpaka mlangoni. "Baba Ochieng', redieta inavuja. Nimeona maji hapo chini. Usipeleke hiyo gari mbali." Ukamuuliza kama gari ni lako au ni lake. Swali la ajabu, Baba. Gari lile la Pijo lilinunuliwa kwa omena, dagaa wa ziwani, aliyoianika na kuiuza yeye pale ufukweni Dunga, miaka na miaka, mpaka harufu ikakataa kutoka mikononi mwake hata akienda kanisani. Lakini ulipouliza, alirudi jikoni. Ukaenda.

Ulirudi jioni peke yako. Gari liliingia uani likitoa mvuke kila upande wa bonet, na ulikuwa unaita kabla hujashuka: "Awuor! Leta maji!" Nikaja mbio na jagi la kijani. Ulifungua mfuniko wa redieta kwa kitambaa, ukaruka nyuma mvuke ulipopanda, ukasubiri, ukanionyesha kwa kidole. "Hapa. Polepole." Ulisimama kando yangu mpaka nikamaliza jagi lote, ndipo ukaenda kuoga. Hilo la kusimama kando yangu nalikumbuka sasa. Kwa miaka mingi sikulikumbuka.

Jumapili gari lilikataa kuwaka. Jumatatu ukaita fundi, na jioni yake ukatuita sote sebuleni. Ulikuwa umeshika kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa iliyolala. Ukasema, "Huyu mtoto ametia maji kwenye injini."

Mama akaniuliza kama ni kweli. Nikasema nilitia pale nilipoonyeshwa.

"Nilimwonyesha redieta," ukasema. "Yeye akafungua pa oili."

Mama alinichapa kwa mwiko wa ugali. Wewe ulikaa kwenye kiti chako, ukakiweka kile kijiti juu ya gazeti kisichafue meza. Ulijali meza.

Unajua lililo baya kuliko kichapo? Nilikuamini. Mwanzoni nilibisha, moyoni tu. Kisha mwaka ukapita, miwili, na kila mgeni akija unamsimulia, na mimi niko hapo hapo namimina chai. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikuwa *naukumbuka* ule mfuniko wa oili. Nilikumbuka ulivyokuwa mgumu, nilivyouzungusha, maji yalivyolia yakishuka ndani. Mfuniko ambao sikuwahi kuugusa, Baba. Wewe uliingia kichwani mwangu ukapanga vitu upya, kisha ukaondoka ukaacha mlango wazi.

Na mimi ndiye niliyelipenda lile gari. Kaka yangu Ochieng' hakulipenda. Kila Jumamosi tulipolipeleka ziwani kuliosha, yeye alikimbilia wenzake, mimi nilibaki nikishika sabuni. Ulinikalisha juu ya bonet nikakausha kioo. Ulikuwa unaliwasha, unanishika bega na kusema, "Sikiliza. Ukisikia kama mtu anagonga mlango, hiyo ni valvu." Nilikuwa na miaka minane na nilijua sauti ya valvu. Baada ya siku ile ulimwita Ochieng' akushikie spana, na Ochieng' alikuwa akilia akishika grisi. Mimi nilipokaribia ulisema, "Nyar Pi, kaa mbali." Binti wa Maji. Jina likanikaa. Shangazi zangu waliniita hivyo, wajomba wakaniita hivyo. Siku wakwe zangu walipokuja kuleta ng'ombe wa mahari, ulisimama mbele ya ukumbi mzima ukasema, "Mchukueni, ni mchapakazi, lakini msimweke karibu na gari." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mume wangu alicheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndiyo siwezi kuisamehe, kwamba nilikusaidia kucheka.

Na ulipokufa, hata pale, jeneza likiwa limefunguliwa, Ochieng' alishika maikrofoni akasimulia Nyar Pi na jagi lake. Watu walihitaji kucheka kidogo, nadhani. Nilikaa karibu na Mama, nikiwa na miaka thelathini na mitano, na cheti cha maabara, na watoto wawili, na nikainamisha kichwa kama mtu mwenye hatia.

Wiki tatu baada ya mazishi Ochieng' alikuja na mtu wa vyuma chakavu. Walikuwa wanalizunguka gari pale chini ya mabati, yule mtu akiyapiga teke magurudumu. Nikasema haliuzwi.

"Awuor, binti aliyeolewa anarithi gari?" Ochieng' akauliza. "Na hata ukirithi, utalifanyia nini? Utalitia maji?"

Nikamwambia achukue vingine vyote. Ng'ombe, redio yako, viti, hata lile koti lako zito. Akaniangalia kama anayemtazama mgonjwa. "Sawa. Chukua takataka."

Ilikuwa takataka kweli. Kuku walikuwa wanataga kwenye siti ya nyuma. Nilitoa mayai, mengine yamepasuka humo miaka isiyojulikana. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona nyasi. Nyigu walikuwa wamejenga nyuma ya dashibodi, na nilijua hilo kwa kuumwa. Nilikuwa nakuja kutoka mjini kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Nilijifunza kwa video za simu, na kwa kitabu cha mafundi nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kilicholiwa na panya sehemu yote ya breki, kwa hiyo breki nilijifunza kwa kuuliza na kukosea. Kila nati niliyoitoa niliiweka kwenye kichupa, vile vichupa vyetu vya maabara vya kupimia mkojo, vipya lakini, usiogope, nikabandika karatasi: imetoka wapi, upande gani. Mama alikuwa anakaa kwenye kiti akichambua mboga na kunitazama. Nadhani alidhani ni namna yangu ya kukulilia.

Nilikosea sana. Niliikata nati ya egzosti kwa kuilazimisha. Nilipasua kioo cha mbele nikijaribu kukitoa, kioo kizima, kilichokuwa hakina hata mkwaruzo. Mama alipouliza kelele ni ya nini nikasema, "Nimevunja kioo, Mama." Akasema, "Haya, angalia mguu." Basi. Sikufa. Nakuambia ujue kwamba inawezekana. Maneno mawili matatu, na mtu anaendelea na mboga zake.

Injini niliiacha mwisho kwa sababu niliiogopa. Nati za silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu cha injini, zilikuwa zimeshikana. Nilizimwagia dizeli kila wikendi kwa wiki tano kabla hazijakubali. Siku niliyoinua hedi nilikuwa najua nitakachokiona. Nitaona kosa langu. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa nimemwambia mume wangu asinipigie simu siku hiyo.

Kazi yangu ni kuangalia, Baba. Naletewa damu ya mtu, natazama kilichomo, naandika kilichomo. Kwa hiyo niliangalia. Gasketi, ile inayokaa kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua kwenye silinda ya tatu. Mstari mweusi, mwembamba, kutoka kwenye moto mpaka kwenye njia ya maji. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi, kama kitabu kinavyosema, nikainamisha kichwa. Mwanga ulipita chini ya rula katikati. Hedi ilikuwa imepinda. Mtoto hawezi kupinda hedi kwa jagi la maji. Hedi inapindwa na joto, na gari linaloendeshwa likichemka, kilomita baada ya kilomita, na mtu ambaye hataki kusimama. Maji yaliingia kwenye oili kupitia hapo. Wewe mwenyewe uliyaingiza.

Nilikaa juu ya debe. Sikulia. Nilisoma ule ukurasa wa kitabu tena, mara nne.

Nikaibeba hedi mpaka sokoni Kibuye, kwa Fundi Okumu, kwa sababu niliambiwa hakuna anayenyoosha hedi kama yeye. Ni mzee sasa, haoni vizuri jicho moja. Aliigeuza mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye alama fulani ya patasi pembeni, akaacha kuongea na wateja wengine.

"Hii umetoa wapi?"

Nikamwambia ni ya baba yangu, nikakutaja jina.

"Wewe ni yule msichana," akasema. Aliiweka hedi chini polepole. "Mimi ndiye nilifungua hii gari, hiyo wakati. Hii alama ni yangu. Nilimwambia Mzee, hedi imepinda, gasketi imeungua, inataka kunyooshwa. Akaniambia ilianza kuchemka Katito, wenzake wakashuka, fundi wa hapo akamwambia asiende mbele, akaenda tu. Akasema, 'Mama Ochieng' alinikataza hii safari. Nitamwambia nini?' Tulikuwa tumesimama hapo kwa bonet. Wewe ukapita, umetoka shule, umebeba jagi. Akakuangalia. Akasema, 'Huyo ndiye alitia maji juzi.' Mimi nilidhani anatania. Akaniambia nifunge injini vile ilivyo, niende."

"Na ulienda?"

"Nilienda, mama. Alikuwa mtu mkubwa kwangu."

Nimeyarudia maneno yake kichwani kila siku tangu hapo. Ulikuwa huna jibu, nikapita. Ni hivyo tu. Hukunichukia, hukupanga. Kama angepita mbuzi ungesema mbuzi.

Na nikaelewa jambo jingine nikiwa nimesimama pale Kibuye, kelele za nyundo kila upande. Nilikuwa najiuliza kwa nini hukulitengeneza kamwe. Ulikuwa na kazi, ulikuwa na marafiki wenye gereji, ulilipenda. Lakini fundi yeyote ambaye angeifungua injini ile angesema alichokiona. Kwa hiyo uliliacha. Ulilifunika kwa turubai, ukawaachia kuku, na Mama akaenda Dunga kwa miguu, akabeba karai kichwani miaka ishirini na minne, goti lake likaharibika, ili wewe usiulizwe swali moja. Siku nyingine nalikasirikia hilo la karai kuliko langu.

Nilimwambia Fundi Okumu, hedi utanyoosha, lakini kwanza utakuja nyumbani umwambie Mama kwa mdomo wako. Alisita. Nikamwambia sitoki hapa.

Alikuja Jumapili, kofia mkononi. Mama alimpa kiti na soda kwa sababu ndivyo alivyo. Fundi alisema yote kwa Dholuo, akitazama sakafu, na hakujipunguzia. Nilidhani Mama atakutetea. Alikutetea maisha yake yote, mbele ya ndugu zake, mbele ya kanisa.

Aliinuka kwa shida, akaja nilipokuwa nimekaa, akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akautazama, umejaa grisi na makovu ya nati zako. Akasema, "Nilikuchapa."

Nikasema, "Ni zamani, Mama."

"Nilikuchapa, na alikuwa amekaa pale." Alielekeza kidevu kwenye kiti chako. "Alikuwa amekaa pale na alikuwa anajua. Nisamehe, mwanangu."

Hapo ndipo nililia. Si kwa ajili yako.

Kesho yake kiti chako kilikuwa nje, karibu na banda la kuku. Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza.

Ochieng' nilimpigia simu. Alisikiliza, akasema, "Mzee ameshakufa, Awuor. Unataka tufanye nini, tumfukue?" Nikasema nataka siku ya ibada ya kukukumbuka baada ya mwaka mmoja, wakikusanyika wale wale waliocheka, asimame aseme aliyoyasikia. Alikataa, akakata simu. Baada ya siku mbili alipiga mwenyewe. Alisema hajalala vizuri. Akasema, "Unajua nilikuwa naogopa zile spana. Nilikuwa nataka uzishike wewe." Na siku ya ibada alisimama, akasema, kwa ufupi, akigugumiza. Ba'mdogo alijaribu kumkatiza kwamba marehemu hasemwi. Mama akasema kutoka alipokaa, "Mwache amalize." Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja aliinuka akaenda jikoni. Nilitegemea nijisikie mwepesi. Nilijisikia nimechoka.

Hayo ndiyo yaliyotokea tangu uondoke. Rangi nimepaka nyeupe ile ile, siti nimeshonesha upya, sakafu nimechomelea mwenyewe kwa mashine ya kukodi na inaonekana kama kazi ya mwanafunzi, lakini haivuji. Juzi nilimchukua Mama. Nilimuuliza anataka kwenda wapi, nikidhani atasema kanisani. Akasema, "Sondu. Sijawahi kwenda na hiyo gari."

Tulipita Ahero, tukapita Katito. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri, ameshika mkoba magotini kama mgeni. Barabara ilipoanza kupanda niliona sindano ya joto inainuka. Bado nina kazi kwenye feni ya kupoza redieta. Nikaingia kando ya barabara, nikazima. Tulishuka. Tulikaa kwenye nyasi karibu saa nzima. Mama alinunua njugu kwa mwanamke aliyekuwa anapita, tukala, lori likapita, watu wakasimama kulisifu gari na kuuliza ni la mwaka gani. Injini ikapoa. Nikaongeza maji, kwenye redieta, Mama akinitazama, na tukaendelea. Hakuna kilichopotea. Saa moja ya njugu.

Saa moja tu, Baba. Ungesimama.

Sijui huko uliko kama barua zinafika, na sijui kama ningeweza kukuambia haya uso kwa uso. Huenda ningemimina chai tena. Sikusamehe. Mchungaji ananiambia nifanye haraka, nami nimemwambia hii ni kazi yangu na nitaifanya kwa mwendo wangu, au sitaifanya. Kuna siku nasikia valvu inagonga na nageuka kukuambia. Hilo nalo linaniudhi.

Nitakuahidi hili. Nitamwendesha Mama popote atakapotaka mpaka aseme basi. Na mtu yeyote akiniuliza gari hili lilikufaje, awe mgeni, awe mjukuu wako, nitamwambia lilivyokufa, kama nilivyoliona kwa macho yangu, bila kuongeza na bila kukupunguzia.

Lala, Mzee. Mimi nina gari la kulitengenezea feni.

Awuor